Mafuta yameisha, mashudu yamejaa stoo: lini ukamue na ukamue kiasi gani? (Uzi kwa wenye viwanda vidogo vya alizeti)

Mkamuaji_Kizota

Mbukwenyi wadau wa Dodoma, Singida na kote alizeti inakokamuliwa.

Kila msimu swali hili linarudi: "Mafuta yakibaki madumu mangapi ndipo niwashe mashine tena?" Majibu mengi yanahesabu mafuta peke yake. Unauza madumu kadhaa kwa siku, mbegu na mafuta vinachukua siku kadhaa hadi kuwa tayari, zidisha, ongeza akiba kidogo, basi. Hesabu hiyo inamfaa mwenye duka anayeagiza sabuni, kwa sababu akiagiza sabuni anapata sabuni. Sisi tukiwasha mashine tunapata vitu viwili kwa lazima, mafuta na mashudu (makapi ya mbegu yanayobaki, chakula cha mifugo), kwa uwiano ambao hatuupangi sisi. Nimeona viwanda vidogo vikisimama huku wateja wa mafuta wako mlangoni, kisa hakuna pa kuweka mashudu. Nimeona pia kinyume chake, mfugaji anarudi mikono mitupu mwezi wa kumi halafu kiwanda kina mafuta ya miezi miwili. Naomba tulijadili hili kwa kina.

Nianze na uwiano, maana bila huo hakuna mpango. Chukua mbegu kilo 100, zikamuliwe kwa ekspela zetu hizi, yaani mashine za kukamua kwa kubana. Kwa mfano wa uzi huu natumia mafuta kilo 27, mashudu kilo 66, na kilo 7 zinazopotea kama unyevu, takataka na tope la chujio. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18.4. Ukirudi nyuma, dumu moja linataka mbegu kilo 68 na linakuachia mashudu kilo 45. Ukiamua kukamua madumu 100, umeamua pia tani nne na nusu za mashudu, uzitake usizitake.

Sasa weka mauzo. Kiwanda kinauza madumu 25 kwa siku, wastani, mwaka mzima. Hiyo inazaa mashudu kilo 1,125 kila siku. Wateja wa mashudu hawako wastani hata kidogo: kifuku nyasi zipo, wafugaji wanapungua, tuseme zinatoka kilo 900. Kiangazi kikikomaa zinatakiwa kilo 1,800. Siku 90 za kifuku zinakulundikia zaidi ya tani 20. Kiangazi unapungukiwa kilo 675 kila siku, na zile tani 20, kama bado ni nzima, zinaisha ndani ya mwezi.

Kwa hiyo unachopanga ni mkupuo mmoja wa kukamua unaojaza stoo mbili kwa pamoja. Mimi naona kila kiwanda kinahitaji mistari mitatu ukutani:

Mstari wa chini wa mafuta. Kupata mbegu siku 1, kukamua siku 1, kutulia na kuchuja siku 2. Siku 4 mara madumu 25 ni 100, ongeza akiba ya madumu 40, jumla 140.

Mstari wa chini wa mashudu. Mbegu siku 1, kukamua 1, kupoa 1. Kifuku ni kilo 900 mara 3, ongeza kilo 1,500, inakuwa 4,200. Kiangazi mstari huu unapanda, usiuache pale pale.

Mstari wa juu wa mashudu, ambao karibu hakuna anayeuandika. Stoo inabeba tani 25, mkupuo wa mbegu tani 12 unaleta tani 7.9. Basi mashudu yakizidi tani 17, mkupuo mzima haukai. Lazima uukate au uondoe mzigo kwanza.

Mafuta au mashudu, kitakachogusa mstari wa chini kwanza ndicho kinachoitisha mkupuo. Mstari wa juu ndio unaosema mkupuo uwe mkubwa kiasi gani. Karibuni.

Ng'ombe_Kongwa

Mkuu umenena. Mimi ni mnunuzi, nazungumza upande wa zizini. Mfugaji wa maziwa hanunui mashudu kwa sababu tu ni ya bei nafuu, ananunua kwa sababu majani yamekauka. Kuanzia mwezi wa nane huku Kongwa anatafuta protini popote ilipo, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndipo hali inakuwa ngumu kabisa. Mvua ikichelewa hadi katikati ya Desemba, msimu wetu wa kununua nao unarefuka. Kwa hiyo mstari wenu wa mashudu msiupange kwa kalenda peke yake. Angalieni malisho. Mkiona ng'ombe wanashushwa mnadani kwa wingi, wengine wanapunguza mifugo na wengine wanatafuta chakula cha kuokoa waliobaki, na hao wa pili ni wateja wenu.

Watu wa kuku ni tofauti. Wao wanachanganya chakula mwaka mzima, wananunua kila wiki, ila hawaweki mashudu mengi kwenye mchanganyiko kwa sababu maganda yanaongeza nyuzinyuzi.

Mkamuaji_Kizota

Shukrani sana kaka. Hilo la kuku ni la muhimu: mteja mdogo wa kila wiki anakusaidia kifuku kuliko mteja mkubwa wa miezi mitatu.

Mtunza_Stoo_Sgd

Naomba kuuliza. Kwetu kuna mtu wa mafuta na mtu wa mashudu, kila mmoja ana daftari lake. Jumatatu wa mafuta akasema tuko chini, meneja akaagiza mbegu. Jumanne wa mashudu naye akasema yuko chini, ikaagizwa mbegu tena. Mwisho wa wiki tanki likajaa. Hapo kosa liko kwenye mistari au kwenye watu?

Mkamuaji_Kizota

Kosa liko kwenye namna ya kuhesabu, watu wote wawili walifanya kazi yao. Mstari wa chini haulinganishwi na kilichopo stoo peke yake. Unalinganishwa na kilichopo, jumlisha kinachokuja, toa kilichokwisha ahidiwa wateja. Oda ya Jumatatu ilipotoka, mashudu yalikuwa tayari "yanakuja", tani karibu nane, hata kama mtu wa mashudu hakuagiza. Kama daftari lake lingekuwa na safu ya kinachokuja, Jumanne angekaa kimya.

Kwa hiyo: daftari moja, na kila oda ya mbegu inaandikwa mara mbili siku hiyo hiyo. Tani 12 zikiagizwa, kwenye mafuta andika madumu 176 yanakuja, kwenye mashudu andika kilo 7,920 zinakuja. Mafuta yaliyo kwenye tanki la kutulia nayo ni "yanakuja", msiyasahau, na msiyauze kabla hayajatulia.

Na usisahau upande wa waliokwisha ahidiwa. Shule ya bweni ikiagiza madumu 60 ya kufungulia muhula Januari, hayo si yako tena hata kama bado yamo stoo.

Ekspela_Misuna

Naheshimu hoja, ila mimi sikubaliani. Mashudu ni ziada. Kazi ya kiwanda ni mafuta, hela iko kwenye mafuta. Mimi napanga kwa mafuta tu, mashudu yanachukuliwa na malori, bei itakayokuwepo ndiyo hiyo hiyo. Nikianza kuhesabu mashudu nitachelewesha wateja wa mafuta.

Mkamuaji_Kizota

Kaka, kwa mahali ulipo unaweza kuwa sahihi kabisa. Kipimo ni kimoja: je, mashudu yamewahi kukusimamishia mashine, au kukufanya uwashe mashine usiku bila mpango? Kama jibu ni hapana, na malori yanakuja yenyewe kila wiki, basi kwako mashudu ni ziada kweli na mpango wa mafuta unakutosha. Siku lori lisipokuja wiki tatu, mashudu yanaacha kuwa ziada yanakuwa kizuizi. Ndiyo maana nasema uandike mstari wa juu hata kama hujawahi kuufikia. Haukugharimu kitu, ila siku ukikaribia utajua mapema, kabla viroba havijafika kwenye mlango wa mashine.

Halafu hili la "hela iko kwenye mafuta" naomba mhasibu yeyote aliyepo humu atusaidie.

Hesabu_Mjini

Nipo. Nitatumia namba za mfano, kila mtu aweke bei zake. Mbegu Sh 1,000 kwa kilo, dumu Sh 75,000, mashudu Sh 400 kwa kilo, gharama ya kukamua kwa dumu (umeme, vibarua, dumu tupu, kitambaa cha chujio) Sh 9,000.

Kwa dumu moja: mbegu kilo 68, Sh 68,000. Ongeza 9,000, umetumia 77,000. Mafuta yanakupa 75,000. Hapo tayari umepoteza 2,000. Mashudu kilo 45 yanakupa 18,000. Faida ni 16,000. Yaani kwa bei hizi faida yote ya kiwanda imo kwenye mashudu. Mafuta yanarudisha mbegu, mashudu yanalipa mishahara. Ekspela_Misuna, jaribu hesabu hii na bei zako kabla hujayaita ziada.

Ila kuna mtego kwenye vitabu. Mbegu ni gharama ya pamoja hadi pale vinapotengana mdomoni mwa mashine. Kuigawa tunatumia thamani ya mauzo: mafuta 75,000 kati ya 93,000, karibu asilimia 81, mashudu asilimia 19. Dumu linabeba mbegu ya kama Sh 54,800, mashudu Sh 13,200, sawa na Sh 293 kwa kilo. Mgawo huu unafaa kuthamini mali iliyopo stoo mwisho wa mwezi. Usitumike kuamua kuuza au kutouza. Mashudu yakishatoka, mbegu haiwezi kurudi. Anayekataa Sh 270 kwa kilo kwa sababu "kitabuni yameingia kwa 293", halafu stoo ikajaa na mashine ikasimama, amelinda namba iliyoko kwenye karatasi na kupoteza mkupuo mzima.

Swali la kujiuliza ni: nikisubiri nitapata ngapi, nikitoa gharama ya kuyatunza na yatakayoharibika, na je, nafasi hiyo ningeitumia kwa mkupuo mwingine? Bei ya leo ikizidi hapo, uza.

Mtunza_Stoo_Sgd

Daaah, mhasibu umenifungua macho. Huu uzi nauhifadhi.

Pumba_Kibaigwa

Mimi si wa alizeti, nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Kibaigwa, karibu na soko. Hesabu yenu ni yangu pia, unga na pumba. Ila sisi tuna nafasi moja ambayo nyie hamna: uwiano tunaweza kuugeuza. Pumba zikihitajika tunakoboa sembe safi. Pumba zikijaa tunasukuma dona, mahindi yanasagwa mazima, hakuna pumba. Mteja wa dona naye yupo, tena shule zinapenda. Kwa hiyo kabla ya kupanga lini, nauliza kwanza nikamue, samahani, nisage kwa njia ipi. Nyie hamna njia ya kugeuza?

Mkamuaji_Kizota

Swali zuri sana, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Mashineni uwiano unageuka kidogo tu. Ukibana ekspela unatoa mafuta zaidi, mashudu yanabaki na mafuta pungufu. Mashine zetu zinaacha asilimia 8 hadi 12 ya mafuta ndani ya mashudu, wakati viwanda vikubwa vinavyotumia kiyeyusho cha heksani vinaacha kama 1 tu. Mbegu nayo ina sehemu yake: chotara yenye ganda jembamba inatoa mafuta mengi kuliko mbegu ya aina ya Record ya siku nyingi. Lakini hivyo si vitu vya kubadili wiki hii kwa sababu stoo imejaa.

Nafasi yetu iko nje ya mashine. Ziko njia tatu ninazozijua zinafanya kazi hapa kwetu.

Ya kwanza ni kukamulia watu. Mkulima analeta magunia yake, anaondoka na mafuta, na sehemu nyingi mashudu yanabaki kwa mwenye mashine kama malipo au sehemu ya malipo. Tazama kilichotokea kwenye hesabu: umepata mashudu bila mafuta! Kwa hiyo mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja, mashudu yanapotakiwa na mafuta yako yanatosha, fungua mlango kwa wakulima, punguza hata bei ya kukamua. Kifuku stoo ikiwa imejaa fanya kinyume: mkulima aondoke na mashudu yake, wewe akulipe fedha. Wengi wanaweka bei moja ya kukamulia mwaka mzima na kupoteza nafasi hii.

Ya pili ni jirani. Stoo yako ya mashudu imejaa na mafuta yamepungua? Nunua mafuta ghafi kwa mkamuaji mwenzako, chuja, pakia. Faida inapungua lakini mteja hakukimbii. Siku nyingine yeye atakuja kwako kutafuta mashudu. Kwa Kizota tunaweza kutembea kwa miguu kutoka kiwanda hadi kiwanda, hakuna sababu ya kila mmoja kubeba upungufu wake peke yake.

Ya tatu ni kutokamua. Naomba wadau mnielewe vizuri hapa. Mbegu iliyokauka vizuri ndiyo akiba bora kuliko zote, kwa sababu ndani yake mafuta na mashudu bado havijatengana. Mbegu yenye unyevu chini ya asilimia 9 au 10 inakaa miezi bila shida kama panya na paa vimedhibitiwa. Mashudu hayakai hivyo. Sasa watu wengi mwezi wa sita na wa saba, mbegu ikiwa tele na bei iko chini, wananunua na kukamua yote mara moja, mashine haizimwi. Kununua wakati huo ni sawa kabisa. Kukamua yote ni kuchagua leo uwiano wa kitu utakachouza Novemba. Nunua kwa msimu, kamua kwa wiki.

Ekspela_Misuna

Hapo kwenye mbegu nakuunga mkono. Tatizo ni mtaji, fedha ikilala kwenye mbegu benki inasubiri marejesho.

Hesabu_Mjini

Kaka, fedha imelala vile vile hata ukikamua, imehama tu kutoka kwenye gunia kwenda kwenye dumu na kiroba. Tofauti ni kwamba umeongeza 9,000 ya kukamua kwa kila dumu, na umeiongeza mapema. Kinachoweza kukulazimisha ni marejesho ya mwezi. Basi hesabu madumu unayohitaji kuuza kulipa marejesho hayo, kamua hayo, mengine yaache yawe mbegu.

Dada_Chujio

Samahani kama narudisha nyuma. Mnasema mashudu hayakai. Kwa nini? Sisi tunapakia yakitoka tu mashineni ili sakafu iwe wazi.

Mkamuaji_Kizota

Dada, hapo ndipo mzigo unapoharibikia. Mashudu yanatoka ya moto, na ule mvuke ukifungiwa ndani ya kiroba hauna pa kwenda. Baada ya siku chache shika kiroba cha katikati ya rundo: juu kikavu, ndani kina joto. Kikate, utakuta pale katikati pamebadilika rangi kuwa kahawia nzito, yameshikana madonge, na harufu ya mafuta yaliyochacha. Ukungu ukiingia unakuja na sumukuvu, na hiyo kwa ng'ombe wa maziwa inapita hadi kwenye maziwa. Rundo kubwa likipata joto la kutosha linaweza hata kuwaka lenyewe.

Tandaza kwenye turubai au sakafu safi, unene wa kiganja hivi, yageuze, yaache hadi kesho yake. Kisha pakia, panga juu ya chaga, acha nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta. Chukua nondo nyembamba, ichomeke katikati ya rundo, iache kidogo kisha uitoe na kuishika. Ikiwa ya moto, bomoa rundo siku hiyo hiyo.

Sasa angalia jambo hili linavyoingia kwenye mpango wetu. Ile siku 1 ya kupoa niliyoiweka kwenye mstari wa chini ndiyo hiyo. Anayeifuta ili "kuharakisha" anapata mzigo siku moja mapema na kuupoteza wiki mbili baadaye. Pia tani 25 za stoo zihesabiwe na nafasi za kupita zikiwemo. Stoo iliyojaa hadi ukutani haibebi tani 25 za mashudu yanayouzika.

Dada_Chujio

Ahsante sana. Kesho naanza na turubai.

Kompyuta_Makulu

Naongeza upande wa programu. Tumejaribu programu mbili za stoo kiwandani. Nyingi zimejengwa kwa dhana kwamba oda moja ya uzalishaji inaleta bidhaa moja. Ukiiambia mafuta yamefika 140 inaagiza, mashudu hayaoni kabisa. Namna tuliyopita ni kuandika orodha ya malighafi za dumu moja hivi: mbegu kilo 68 zinaingia, na mashudu kilo 45 yanaandikwa kama malighafi yenye alama ya kutoa. Programu ikitoa "hasi 45" inaongeza 45 stoo. Inafanya kazi kwa kuhesabu kilichopo. Kinachobaki kigumu ni kwamba bado inaangalia mafuta tu ili kuagiza. Kwa hiyo tumeongeza karatasi ya Eksel yenye siku 30 mbele: safu ya mafuta, safu ya mashudu, na safu moja tu ya kuingiza namba, yaani mbegu itakayokamuliwa siku hiyo. Ukiandika tani 6 siku ya Alhamisi, safu zote mbili zinabadilika. Seli inageuka nyekundu ikigusa mstari wowote kati ya ile mitatu. Kwa kiwanda kidogo hiyo karatasi inatosha, hakuna haja ya kununua kitu.

Mtunza_Stoo_Sgd

Na ukubwa wa mkupuo unaupataje mkuu? Kwa nini tani 12 na si 5 au 20?

Kompyuta_Makulu

Kuna kanuni ya zamani ya Ford W. Harris ya mwaka 1913: zidisha mbili kwa mahitaji ya kipindi kwa gharama ya kuanzisha mkupuo mmoja, gawa kwa gharama ya kutunza kizio kimoja kwa kipindi hicho, kisha tafuta kipeo cha pili. Kwetu sisi pima kila kitu kwa tani ya mbegu. Mahitaji ni tani za mbegu kwa mwaka. Gharama ya kuanzisha ni gari la mbegu, kupasha mashine moto, kusafisha. Gharama ya kutunza ndiyo watu wanakosea: weka ya mafuta na ya mashudu yanayotokana na tani hiyo, zote mbili kwa pamoja. Ukiweka ya mafuta tu, jibu linakuwa kubwa mno. Jibu ukishalipata, lilinganishe na nafasi iliyobaki chini ya mstari wa juu, chukua dogo. Na usihangaike kupata namba kamili. Ukikosea kidogo kwenye gharama hizo, hasara inayotokea ni ndogo zaidi ya kosa lenyewe.

Mkamuaji_Kizota

Nakubaliana. Nyongeza moja tu: pima kila mkupuo. Mbegu iliyoingia, madumu yaliyotoka, mashudu yaliyotoka, vyote kwenye mzani. Hizi 27 na 66 zangu ni za mfano. Mbegu ya Manyoni na ya Mpwapwa, ya mwezi wa sita na ya mwezi wa pili, hazitoi sawa. Mafuta yakishuka hadi 24, dumu moja linataka mbegu kilo 77 na linaleta mashudu zaidi ya kilo 50. Mistari yote mitatu imehama na wewe hujajua.

Mama_Manyoni

Habari zenu wanangu. Nimefuatilia tangu mwanzo, naomba mnisaidie na langu. Nina madumu 60, nauza 12 kwa siku. Mashudu ninayo tani 9, stoo inabeba 10, yanatoka kilo 300 kwa siku. Mbegu tani 6 ziko kwenye magunia, kavu. Nikamue?

Mkamuaji_Kizota

Shikamoo mama. Tuanze na mafuta. Mbegu unayo tayari, kwa hiyo siku yako ya kutafuta mbegu haipo, zinabaki 3. Madumu 12 mara 3 ni 36, na akiba ya 15, mstari ni 51. Una 60. Kesho utakuwa na 48, umeshavuka. Kwa hiyo ndiyo, wakati umefika.

Ila nafasi ya mashudu ni tani 1 tu. Tani 1 ya mashudu inatokana na mbegu tani 1.5, ambayo ni madumu 22. Hayo ni mauzo ya siku zisizotimia mbili. Na tatizo halitaisha hapo: kuuza madumu 12 kunazaa kilo 540 za mashudu kila siku, yanatoka 300. Unalundika kilo 240 kwa siku. Ukifuata nafasi ya stoo peke yake, utaweza kukamua madumu 6 au 7 kwa siku, karibu nusu ya wateja wako wataondoka.

Kwa hiyo kabla ya mashine tafuta mnunuzi wa kuchukua mzigo mkubwa kwa mara moja, mchanganyaji wa chakula cha kuku kwa mfano, umpunguzie bei. Akichukua tani 3 utakuwa na nafasi ya tani 4, inayotosha mbegu zako zote 6. Lakini mama usizikamue zote. Kamua 3, upate madumu 44, mashudu karibu tani 2. Tatu zilizobaki ziache kwenye magunia hadi uone mashudu yanakwendaje.

Mama_Manyoni

Marahaba mwanangu. Yupo mtu wa kuku, ananipa 270 kwa kilo. Binti yangu anayeandika vitabu anasema tutapata hasara, yameingia kwa 300.

Hesabu_Mjini

Shikamoo mama. Mwambie binti vitabu vyake viko sawa na uuze vile vile. Kwa bei zile za mfano wangu, mashudu kwa 270 ni 12,150 kwa kila dumu. Jumlisha 75,000, toa 77,000, unabaki na 10,150 kwa dumu. Usipouza hukamui, na usipokamua hiyo 10,150 haipo. Aweke bei zenu halisi aone.

Mama_Manyoni

Ameweka, bado inabaki faida. Nimeshampigia, gari linakuja kesho asubuhi. Leo nawasha kwa tani moja na nusu, umeme upo.

Mkamuaji_Kizota

Vizuri sana mama. Gari likija mpe mzigo wa zamani kwanza, ule ulio chini na nyuma kabisa, na mfungulie kiroba kimoja cha katikati aone mwenyewe kabla hajapakia. Haya yatakayotoka leo yatandaze, yasifungwe hadi kesho jioni.